Manchester United na ardhi ya kuzunguka Old Trafford: shabiki atabaki na nini?

Mkazi wa Ntinda (Kampala) ameuliza:

Ndugu wapenda soka, salaam. Naomba tujadiliane kwa utulivu jambo ambalo katika tawi letu la mashabiki wa Manchester United limezua mabishano kila tunapokutana kutazama mechi, na ambalo huwa tunaliacha njiani kwa sababu mpira ukianza hakuna anayetaka kusikia habari za ardhi na nyumba.

Machi 2025 Manchester United walitangaza kwamba wanakusudia kujenga uwanja mpya wa watu 100,000 kando ya huu wa sasa wa Old Trafford, uliofunguliwa mwaka 1910 na unaochukua watu wapatao 74,000. Gharama ilikadiriwa kuwa pauni bilioni 2, na michoro yenye milingoti mitatu mirefu na paa pana ilitolewa na kampuni ya Foster + Partners. Lakini uwanja ni sehemu tu ya mpango. Katika eneo la kuuzunguka kulitarajiwa kujengwa nyumba zipatazo 17,000 pamoja na maduka, hoteli na sehemu za burudani, na waliouandaa mpango walisema utaleta ajira 92,000 na kuuongezea uchumi wa Uingereza pauni bilioni 7.3 kila mwaka.

Kwamba Old Trafford imechakaa hakuna anayebisha. Mei 2024, siku tuliyofungwa na Arsenal bao 1–0, mvua ilinyesha na sote tukaona maji yakimwagika kutoka paani hadi kwenye viti. Jukwaa la Sir Bobby Charlton nalo haliwezi kupanuliwa kirahisi kwa kuwa nyuma yake inapita reli. Kwa hiyo wanaosema tukarabati tu uwanja wa zamani nawaheshimu, kwani wanatetea mahali walipolelewa kisoka, lakini siamini kwamba ukarabati utatosha.

Wasiwasi wangu ni kuhusu hayo mengine yote. Klabu hii imebeba deni tangu familia ya Glazer ilipoinunua mwaka 2005 kwa fedha za mkopo. Mwishoni mwa mwaka 2024, katikati ya msimu, tiketi za wanachama zilizokuwa zimebaki zilipandishwa hadi pauni 66 bila punguzo kwa watoto wala wazee. Chama cha mashabiki cha MUST kilipoipokea habari ya uwanja mpya kiliuliza kama bei zitapanda, kama shangwe za uwanjani zitabaki zilivyo, kama usajili wa wachezaji utaathirika na kama deni litaongezeka. Hayo ni maswali yangu pia, nami naongeza jingine linalotokana na kuishi hapa Kampala, kwa sababu sisi tumeiona Nakivubo.

Uwanja ule ulianza mwaka 1926, na katika miaka ya 1950 ukawekwa kisheria chini ya wadhamini kama kumbukumbu ya waliokufa vitani. Ulibomolewa mwaka 2017, ukajengwa upya na mwekezaji binafsi na kuzinduliwa mwaka 2024, na leo anayefika kutoka upande wa soko la Owino hukutana na safu za maduka kabla hajaliona jukwaa lolote. Wapo wanaosema kwamba bila maduka hayo uwanja usingejengwa kamwe, na wapo wanaosema kwamba uwanja ndio uliokuwa kisingizio cha maduka. Basi swali langu ni hili: klabu inapojenga mji mzima kuzunguka uwanja wake, shabiki wa kawaida anafaidika kwa lipi, na tuangalie nini ili tujue mapema kama anafaidika au anasukumwa nje?

Mzee wa Walukuba (Jinja) amejibu:

Mdogo wangu wa Ntinda, umeuliza vizuri. Mimi ni Arsenal tangu enzi za Highbury, na nazungumza kama mtu ambaye klabu yake imekwisha kuipita njia hiyo, yenye faida zake na machungu yake.

Tulicheza Highbury kuanzia mwaka 1913 hadi 2006, kisha tukahamia Emirates, uwanja wa watu wapatao 60,000 uliogharimu pauni milioni 390 hivi. Uwanja wa zamani haukuachwa pori. Uligeuzwa kuwa majengo ya makazi, na kwa kuwa sura ya jukwaa la mashariki inalindwa kisheria kama jengo la kihistoria, haikubomolewa, na pale walipokimbia akina Thierry Henry na Dennis Bergkamp pakawa bustani ya wakazi. Mpango ulikuwa kwamba mauzo ya nyumba hizo yangesaidia kupunguza deni. Hesabu ilikuwa nzuri kwenye karatasi. Nyumba zilikuwa bado zinauzwa mwaka 2008 ulipofika msukosuko wa fedha duniani, na soko la nyumba la Uingereza likayumba wakati uleule tulipolihitaji lisimame. Mwishowe ziliuzwa, na klabu ikapumua. Lakini angalia yaliyotokea katikati. Tulitwaa Kombe la FA mwaka 2005 na hatukunyanyua kombe jingine kubwa hadi 2014. Mwaka 2011 Cesc Fàbregas na Samir Nasri waliondoka, na mwaka 2012 Robin van Persie akaja kwenu, akawapa ubingwa wa 2013. Sisi wa vibanda vya video hapa Jinja tulichekwa miaka yote hiyo, na hakuna aliyetueleza kwamba tulikuwa tukilipia zege.

Sisemi kwamba Arsenal walikosea. Ukiniuliza leo, nitakwambia kwamba ilikuwa lazima, na kwamba klabu iliyobaki Highbury isingeweza kushindana na wakubwa. Ninachosema ni kwamba nyumba na hoteli hazilipi siku ile ile zinapotangazwa. Kuna miaka mingi kati ya mchoro na faida, na katika miaka hiyo mtu fulani hubeba mzigo: ama kocha asiyepewa fedha za usajili, ama shabiki anayepandishiwa kiingilio. Wamiliki wenu waulizwe ni nani watakayembebesha, nao wajibu kwa maandishi.

Tena kuna tofauti moja ambayo vijana wengi hawaizingatii. Ardhi ya Highbury ilikuwa mali ya klabu, na ilipojengwa, fedha zilirudi klabuni. West Ham waliuza uwanja wao wa zamani, nao ukajengwa nyumba za makazi, huku wao wakihamia mwaka 2016 katika uwanja wa Olimpiki, ambako ni wapangaji. Machi 2018, katika mechi dhidi ya Burnley, mashabiki wao waliingia hadi uwanjani kuwapinga wamiliki. Walikuwa na viti vingi zaidi, lakini walijiona wageni. Kwa hiyo kabla hujahesabu vyumba vya hoteli, uliza hati ya ardhi itakuwa kwa jina la nani.

Mama wa Kikuubo (Kampala) amejibu:

Ninyi wanaume mnaongea kuhusu uwanja kama watu wanaokwenda pale siku ya mechi tu. Nipeni nafasi niongee kama mfanyabiashara.

Niliwahi kupanga duka la viatu katika jengo lililoungana na uwanja wa michezo, ambao sitautaja. Tulitozwa kilemba kikubwa kabla ya kukabidhiwa funguo, tukaambiwa kwamba maelfu ya watu watapita mlangoni. Ni kweli walipita. Siku ya mechi geti la upande wetu lilifungwa saa nne asubuhi kwa ajili ya usalama, wateja wangu wa kawaida kutoka Masaka na Mbale wakashindwa kufika na katoni zao, na mashabiki waliofika jioni walinunua maji na njugu kwa wachuuzi wa nje, wala hakuna aliyekuja uwanjani kununua jozi ya viatu. Nilikuwa napanga sandali mlangoni asubuhi na kuzirudisha ndani jioni zikiwa na vumbi la miguu yao. Kodi ya pango ya siku hiyo haikupunguzwa.

Nimeeleza hayo kwa sababu ndipo ilipo hesabu ya jambo lenyewe. Klabu ya Ligi Kuu ya Uingereza ina mechi 19 za nyumbani za ligi kwa msimu. Ongeza za makombe, bado siku nyingi za mwaka uwanja ni mtupu. Duka haliwezi kuishi kwa siku hizo chache, na ndiyo maana wanataka nyumba 17,000: watu wanaolala pale ndio watakaonunua mkate siku za kawaida. Hilo ni wazo la maana, na ningependa hata hapa kwetu wajenzi wa viwanja walifikirie badala ya kuzungushia kuta maduka ya aina moja yanayouza bidhaa zilezile. Lakini kuna la kuangalia. Mtu aliyenunua nyumba ya bei kubwa kando ya uwanja hatapenda kelele za usiku, maegesho yaliyojaa na harufu ya nyama choma kila Jumamosi. Baada ya miaka michache atakuwa na sauti kubwa kuliko shabiki, kwa sababu yeye analipa kodi za pale na shabiki ni mpita njia. Ndugu wa Ntinda, uliza tu kama mchuuzi wa skafu aliyesimama nje ya Old Trafford miaka yote atapewa pa kusimama. Ukipata jibu la hilo, utakuwa umejua mengine yote.

Mpimaji wa Mukono amejibu:

Nashukuru kwa hoja ya Mzee wa Walukuba kuhusu hati. Kazi yangu ni upimaji wa ardhi, kwa hiyo nitakaa hapohapo.

Ugumu wa mpango wa Manchester ni kwamba klabu haimiliki eneo lote inalolihitaji. Nyuma ya uwanja kuna kituo cha mizigo cha reli cha Freightliner, na bila ardhi hiyo ramani yote inabadilika, kwa sababu mizigo lazima ihamishiwe kwingine kwanza. Mwenye ardhi anayejua kwamba mradi wa mabilioni unamsubiri yeye, hauzi kwa bei ya jana, na hilo ni jambo la kawaida kabisa. Ndiyo maana mwaka 2025 Andy Burnham, akiwa Meya wa Greater Manchester, aliunga mkono kuundwa kwa shirika maalumu la maendeleo, chombo ambacho kwa sheria za Uingereza kinaweza kukusanya ardhi ya eneo zima, hata kwa ununuzi wa lazima wenye fidia. Msimamo uliotangazwa ni kwamba fedha za umma zisaidie usafiri na makazi, na uwanja wenyewe ulipiwe na klabu. Mashabiki wanapaswa kuushika msimamo huo kwa mikono miwili, maana mpaka kati ya gharama za barabara na za uwanja katika mradi wa namna hii huwa haionekani vizuri fedha zinapoanza kupungua.

Sasa tuje kwetu. Hapa Uganda Katiba ya 1995 inatambua aina nne za umiliki: wa kimila, wa mailo (umiliki wa kudumu uliopo hasa Buganda), wa hati ya kudumu na wa kukodisha kwa muda. Katika Buganda klabu inaweza kuonyeshwa shamba zuri la mailo, ikamlipa mwenye hati, kisha ikakuta wenye vibanja, yaani watu wanaoishi na kulima juu ya ardhi hiyo bila kuwa na hati, ambao wana haki zao. Aliyekaa juu ya ardhi na kuitumia kwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ile, bila mwenye ardhi kumpinga, analindwa na sheria. Hawezi kuondolewa kwa tingatinga la usiku, ingawa tumeyaona hayo yakijaribiwa. Nimewahi kusimama na kamba ya kupimia katikati ya mihogo ya mama mmoja huku waliotutuma wakiniambia niandike kwamba eneo ni tupu. Sikuandika hivyo. Mpango wowote wa kuendeleza eneo la uwanja unaoanza na uongo wa namna ile utarudi mahakamani, na klabu itakaa miaka bila uwanja na bila fedha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la msingi ni kwamba jambo la kuangaliwa mapema ni mkataba wa ardhi: ni wa miaka mingapi, kodi ya maduka inaingia mfuko gani, na mwekezaji akifilisika nani anabaki na uwanja. Michoro na picha za rangi ni za baadaye sana.

Shabiki wa Arua amejibu:

Wakubwa zangu, nimesoma yote na nimejifunza, lakini moyo wangu unauma. Tunazijua pauni za Manchester kwa idadi na hatujui klabu zetu zinaingiza shilingi ngapi. SC Villa walitwaa ubingwa wa msimu wa 2023/24, ambao ulikuwa wa 17, wakicheza katika viwanja vya watu wengine. Mwaka 2023 timu ya taifa, Cranes, ilicheza mechi yake ya nyumbani dhidi ya Tanzania mjini Ismailia nchini Misri, kwa kuwa hatukuwa na uwanja uliokubaliwa. Uwanja wa taifa wa Namboole umekarabatiwa, tukacheza pale Agosti 2025 michuano ya CHAN, ya Waafrika wanaocheza ligi za nchini mwao, na kufika robo fainali, na mwaka 2027 tutaandaa AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, pamoja na Kenya na Tanzania. Hayo ni mafanikio ya serikali, si ya klabu. Vipers pekee, pale Kitende, ndio walionyesha kwamba klabu binafsi inaweza kuwa na uwanja wake wa kiwango cha bara.

Hoja yangu ni fupi. Kama klabu kubwa ya Kampala ingekuja kesho na mpango wa kujenga uwanja wa watu 10,000 wenye hosteli za wanafunzi, zahanati na maduka pembeni, ningeunga mkono hata kama kiingilio kitapanda kidogo, kwa sababu kiingilio peke yake hakiwezi kulipa mishahara ya wachezaji. Ninyi mnaogopa kupoteza kitu mlicho nacho. Sisi hatuna cha kupoteza. Naomba mwenye swali atuambie kama woga wake wa Old Trafford angekuwa nao pia kwa klabu ya hapa.

Mkazi wa Ntinda amejibu:

Nawashukuru nyote, na nianze na ndugu yangu wa Arua kwa kuwa ameniuliza moja kwa moja. Ningeunga mkono pia, tena kwa furaha, kwa sharti lilelile alilolisema Mpimaji: kodi ya maduka iandikwe kwamba ni ya klabu, na klabu iwe ndiyo yenye haki ya ardhi. Hata hivyo sikubaliani nawe kwamba hatuna cha kupoteza. Mtu aliyekwenda Nakivubo ya zamani siku ya Villa na Express anajua kwamba mpanda boda boda aliketi bega kwa bega na mwalimu na mchuuzi wa Owino, na kwamba aliweza kutoka kazini saa tisa na kuwahi mpira kwa miguu, kwa sababu uwanja ulikuwa katikati ya watu wake. Ukaribu huo ni mali. Ukijengwa uwanja mzuri ambao mtu yule hawezi kuuingia, au umbali wa nauli mbili kutoka alipo, atakuwa amenyang'anywa kitu hata kama hakikuwahi kuandikwa kwenye hati yoyote.

Mzee wa Walukuba, umenifungua macho kuhusu ile miaka ya katikati. Sisi wa United tumezoea kuwaza kwamba matatizo yetu yote ni ya wamiliki, na kwamba uwanja mpya utakuja na mwanzo mpya, kumbe unaweza kuja na miaka tisa ya kusubiri. Nitalisema hilo waziwazi katika tawi letu, ingawa najua halitapendwa, hasa likitoka kwa mtu wa Arsenal.

Kuhusu nyumba, nimebadili mawazo kidogo. Nilikuwa nikiziona kama pambo la kuwauzia wanasiasa mradi, lakini hesabu ya mechi 19 imenieleza kwa nini zinahitajika. Linalobaki ni zitakuwa za nani. Katika mitaa ya kuzunguka Anfield, nyumba nyingi zilikaa tupu zimezibwa madirisha kwa miaka mingi huku upanuzi wa uwanja wa Liverpool ukijadiliwa, na majirani waliobaki ndio walioishi katikati ya magofu hayo. Sitaki United iwafanyie watu wa Trafford jambo hilo, na ningependa kusikia ni nyumba ngapi kati ya hizo 17,000 zitakazopangishwa kwa watu wa kipato cha chini wa palepale.

Tawi letu hutuma maoni yake kwa klabu kwa barua, na katika barua inayofuata napendekeza tuandike mambo mawili tu ili yasomwe: sehemu ya viti vya uwanja mpya itengwe kwa bei ambayo haitapanda hadi deni la ujenzi likamilike kulipwa, na taarifa ya kila mwaka ionyeshe mapato ya eneo la kuzunguka uwanja yameingia wapi. Mama wa Kikuubo, naomba ruhusa yako nitumie habari ya duka lako kwenye kikao, bila kutaja mahali.

Mama wa Kikuubo amejibu:

Ruhusa unayo. Lakini ukitumia yangu, ongeza jambo la tatu katika barua hiyo: wapangaji wa maduka wapewe ratiba ya kufungwa kwa mageti kabla ya kusaini mkataba, na siku hizo zitolewe kwenye kodi. Wa Manchester wana mageti pia.